Mgeni wa Neno la Leo

Alfajiri hiyo fundi alikuta vyombo vimeoshwa.

Jana yake aliviacha kwenye karai vimegandana, maana mgongo ulikataa. Kiwanda cha nguo kilimshonesha kola mia tatu, na nyumbani hapakuwa na mtu mzima mwingine wa kumpokea hata kijiko. Sasa sahani zilikuwa zimepangwa, zinanuka sabuni na harufu nyingine, kama udongo uliozimiwa moto. Akadhani aliviosha nusu usingizini. Akabandika maji ya chai, akafungua simu.

Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake pekee: mchezo wa neno la leo. Neno la herufi sita, unalibahatisha mara sita, na herufi iliyokaa mahali pake hugeuka kijani. Kiwandani walibishana ni neno gani zuri la kuanzia. Yeye siku zote alianza na KARIBU, kwa kuwa lina irabu tatu, na alizoea kulitamka polepole huku akiliandika, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Siku ya pili alikuta sare ya Kifungo, bintiye wa miaka saba, imepigwa pasi. Siku ya tatu, alipoandika KARIBU, mstari wa pili ulijijaza wenyewe, wote kijani, na bomba la jikoni likafunguka. Hakukimbilia kulifunga. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka haulizi msaada umetoka wapi.

Kilichomshtua ni Kifungo. Mtoto alianza kusinzia darasani, mwalimu wake akalalamika mara mbili. Ndipo alfajiri moja fundi alipomshika mkono kumwamsha, akagusa vidole vya baridi, vimesinyaa kama vya mtu aliyefua kutwa, povu bado chini ya kucha, na alipotazama sakafuni akaona nyayo ndogo za maji zikitoka jikoni mpaka kitandani, na sambamba nazo nyayo nyingine, kubwa, ambazo hazikuwa na vidole.

"Mama," mtoto alinong'ona, macho yamefumba, "mgeni anasema bado sufuria."

Mganga aliyemwendea mchana huo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni neno gani hulitamka kila kukicha. Fundi akamwambia: karibu.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," mganga alisema. "Wako hana mikono, mwanangu. Ameazima ya mtoto. Muage kwa mdomo uleule uliomkaribisha. Ila hatoki kwenye nyumba inayomhitaji, na hilo halifichiki kwake."

Kesho yake fundi alisimama jikoni ili amuage. Karai lilikuwa tupu, linang'aa, na bomba lilikuwa linatiririka kando yake. Maji ya chai yalikuwa yanachemka tayari. Nyuma yake, kitandani, Kifungo alikuwa anahema kama mzee aliyepanda mlima. Fundi akafungua mdomo, na kwaheri ikagoma kutoka.

"Basi mwache mtoto," alisema chinichini, akinyoosha mikono juu ya karai. "Yangu hii hapa."

Bomba likajifunga.

Siku hizi Kifungo huamka akiimba, na nyumba haina hata vumbi. Kiwandani wanamtania fundi kwamba amekuwa bingwa, kila siku neno la leo analipata kwa mstari wa pili. Yeye hutabasamu kidogo, akiificha mikono chini ya kitambaa, kwa sababu sindano haishikiki kwa vidole vilivyolowa.