Diski Isiyojibu

Nilifika Malaba jua likizama, nimepewa lifti na lori la chumvi kutoka Busia. Ilikuwa Ijumaa, katika ile miezi ya mvua ya Elnino. Malori yalikuwa yamejipanga kutoka mpakani hadi nyuma ya kituo cha mafuta, yakingoja karatasi za forodha.

Sikutaka kwenda. Kesho yake tulikuwa na mazishi nyumbani.

Tulikuwa tunamzika mdogo wangu Ojiambo. Mtumbwi ulipinduka ziwani, upande wa Port Victoria. Miili ya wenzake maji yaliirudisha ufuoni, mmoja mmoja. Yeye hayakumrudisha. Kwetu, mwili ukikosekana, huzikwa shina la mgomba badala yake, ili nyumba ipate kupumzika. Wazee walikuwa tayari. Walingoja neno langu tu, kwa kuwa baba hayupo na mimi ndiye mkubwa.

Mke wa Ojiambo, Rosebella, alikataa.

"Shemeji, ukizika mgomba wa mtu aliye hai, umemfungia mlango. Hatarudi tena."

"Mama hali, halali, Rosebella. Tukiendelea hivi tutazika wawili."

"Basi ngojeni kidogo."

"Tumengoja."

"Kidogo tu, shemeji."

Nilimwambia nitatoa neno langu nikitoka Malaba.

Aliyeniita ni Mama Jacinter, mwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Ndugu yake aliye ng'ambo alikuwa amemtumia diski tatu zilizotumika katika benki fulani huko. Zilikuwa za aina ngeni. Diski tulizozoea huzunguka ndani, huvuma na kukwaruza. Hizi hazina kinachozunguka. Ni kimya kama jiwe. Kazi yangu ilikuwa kuziunganisha ndani ya kompyuta kubwa ya ofisi, zote tatu zifanye kazi kama moja. Mafundi huita reidi. Faida yake ni kwamba moja ikifa, mbili zinazobaki hubeba mzigo wake.

Nikazifunga. Nikawasha.

Kompyuta ikaona mbili.

"Fundi, hiyo mashine haikuenda shule?" Mama Jacinter aliuliza. "Hata mtoto wa nasari anajua hizo ni tatu."

"Inaweza kuwa waya, mama."

Nikazima, nikabadilisha waya. Mbili. Nikaitoa diski ya kwanza nikaiweka katika nafasi ya tatu. Ikaonekana mara moja. Kwa hiyo nafasi ilikuwa nzima. Nikaangalia vipini vidogo vinavyoipa kila diski nambari yake, maana mbili zikipewa nambari moja hufichana. Kila moja ilikuwa na yake. Nikakaza kizibo cha mwisho wa waya. Nikawasha tena.

Mbili.

Basi shida ni diski yenyewe. Nikaishika bila kuitoa kwenye waya. Ilikuwa baridi... baridi ya kitu kilichotoka majini. Nikainamisha sikio, kwa mazoea tu ya fundi, kisha nikakumbuka kuwa haina cha kusikika.

Ko.

Nikajiinua.

"Mama, umesikia?"

"Nasikia madereva wakinitukana huko nje. Harakisha." Kisha akanusa. Akanusa tena. Sauti yake ikashuka. "Fundi... umekuja na samaki?"

"Hapana, mama."

"Kuna harufu ya ziwa humu."

Malaba hakuna ziwa.

Nikazima kila kitu. Nikaichomoa ile diski ya tatu, waya wa umeme na waya wa mawasiliano, nikaiweka juu ya meza, mbali kidogo. Nilitaka kufunga mbili zilizo nzima niende nyumbani. Nikawasha.

Tatu.

Nikahesabu nafasi kwa kidole. Mbili zimejaa. Moja iko wazi, naona hadi chuma cha nyuma.

"Sasa imeona tatu," Mama Jacinter alinong'ona. "Ya tatu iko wapi?"

"Iko mezani."

"Basi hapo inahesabu nani?"

Maneno yakatokea kwenye skrini. Yalikuwa ya Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii: diski ya tatu ipo, haijibu. Je, ihesabiwe imekufa, kazi iendelee bila yake? Ndiyo au hapana.

Swali hilo ni la kawaida. Nimelijibu mara nyingi bila kufikiri.

Ko... ko...

Sauti ilitoka mezani. Haikuwa sauti ya mashine. Ilikuwa ya mbao. Ngumi ya mtu inayopiga mbao kutoka chini, kama mtu aliyefunikwa na mtumbwi uliopinduka.

Mama Jacinter aliisikia pia. Alinishika bega, na kucha zake zikapenya shati.

Sisi tuliofundishwa katekisimu tunajua kwamba wafu wako mikononi mwa Mungu. Anayekuja na sauti yao ni mwingine. Nilianza Baba Yetu moyoni. Nilipofika "usitutie katika kishawishi" nilikwama. Kwa maana kama ni maiti, kwa nini abishe? Anayebisha anataka kufunguliwa.

"Ojiambo?" nikaita.

Kubisha kukakoma.

Kukawa kimya, kimya cha mtu aliyesikia jina lake.

Halafu... ko-ko-ko-ko-ko! Kwa nguvu. Kwa mikono miwili. Meza ikatetemeka.

"Fundi, sema ndiyo," Mama Jacinter alinong'ona. "Kwa jina la Yesu, sema ndiyo, kitu hiki kitoke."

Nilifanya ishara ya msalaba. Nikabonyeza ndiyo.

Kimya.

Diski mbili zikajiunga, zikaanza kazi. Harufu ikaondoka polepole. Nilifika nyumbani, wazee wakaniangalia, nikatoa neno. Kesho yake tukazika mgomba. Padre hakupenda, lakini alikuja akatubariki. Rosebella hakulia. Alisimama mbali, uso ameuelekeza ziwani.

Baadaye niliipeleka ile diski Kisumu kwa fundi mwenzangu, Perez. Aliiunganisha, akakaa akinywa soda. Nikadhani ameshindwa. Kisha kompyuta yake ikaiona.

"Nzima kabisa, Paulinus," akacheka. "Aina hii ina usingizi mzito. Ukiiwasha, hurudisha kumbukumbu zake ndani kwanza, ndipo ijibu. Zile mbili lazima zilikuwa tupu, ndiyo maana ziliamka upesi. Hii wewe uliizima kila ilipokaribia. Ungengoja kidogo tu."

"Na kuhesabiwa ikiwa haina waya?"

Perez akaacha kucheka. "Hapo ulisoma vibaya," alisema, bila kunitazama.

Habari ya kubisha sikumwuliza. Sijamwambia mtu yeyote, hata padre. Na Mama Jacinter hajawahi kuonana na mtu wa nyumbani kwetu.

Mwili haujapatikana. Namwombea Ojiambo kila siku, na sijui niombe sala ya wafu au ya wasafiri. Rosebella bado yuko nasi, bado ananiheshimu. Juzi, baada ya rozari ya jioni, alinimiminia chai. Akaweka birika chini taratibu, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za shamba:

"Shemeji... wakati ule akibisha, alijua ni wewe?"