Maji ya Tangi la Vifaranga

Kila alasiri, Chiriku alivua viatu vya shule, akakunja sketi na kuanza kuchota maji machafu ya tangi la vifaranga. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu ya mdomo usiopumzika. Baba alifuga samaki. Vifaranga wake aliwalisha chakula kilichotiwa homoni ili wote wawe madume, maana madume hukua upesi. Maji ya tangi hilo yalibebwa kwa ndoo hadi kwenye shimo la kokoto nyuma ya nyumba. Hayo yalikuwa masharti ya baba, ili homoni hiyo isifike kwa samaki wengine.

Ndoo zilimchosha. Siku moja alifungua bomba la chini, maji yakateremkia mferejini yenyewe. Raha iliyoje! Tangu hapo ndoo zikabaki kavu.

Mfereji uliishia kwenye bwawa la shangazi yake, aliyezalisha vifaranga wa kuuza. Shangazi alikuwa ameuza samaki wake wakongwe, akawategemea wachanga waliokulia humo. Wakakua, wakanenepa, lakini hawakuzaa. Akavuta wavu, akawageuza mmoja mmoja kuwatazama matumboni.

"Majike wangu wako wapi?" alimuuliza mzee aliyelinda bwawa. "Umewauza, siyo?"

"Mama, naapa, sijagusa hata mkia."

"Wameruka ukuta, basi? Toka!"

Mlinzi alikunja blanketi lake, akaondoka huku majirani wakinong'ona, "Kumbe mwizi." Chiriku alikuwa hapo. Siku hiyo mdomo wake ulikuwa mzito kama jiwe.

Jioni shangazi alikuja kula kwao, akaendelea kulalamika. "Nimepasua wengine. Si dume, si jike. Sijaona balaa kama hili."

Chiriku alijua ni balaa gani. Alirudisha tonge sahanini.

"Shangazi, mlinzi hajaiba. Ni mimi. Maji ya tangi nilikuwa nayafungulia mferejini."

Baba aliacha kula. Shangazi alijifunika uso kwa kanga, akalia.

"Tukiwawekea maji safi, si watabadilika?" Chiriku aliuliza.

"Hawabadiliki," baba alisema. "Samaki huwa dume au jike angali mchanga. Hao ndio wameharibika hivyo."

Asubuhi walikwenda kwa mlinzi. Shangazi alimwomba radhi mbele ya majirani, akamrudisha kazini. Kisha mfereji ukazibwa, bwawa likaachwa likauke, na samaki wote wakazikwa. Chiriku ndiye aliyewabeba, ndoo baada ya ndoo, akilia waziwazi.

"Babu, umenisamehe?" alimuuliza mlinzi.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini kule mtaani wapo ambao bado wakiniona wanafungia kuku wao."

Chiriku aliinamisha kichwa. Baba alimshika bega.

"Umemsikia? Kosa ukilisema mapema, unalibeba mwenyewe. Ukilificha, anabebeshwa asiyehusika. Na hata ukisema baadaye, huwezi kumtua mzigo wote."