Nywele za Handayu

Siku Yasaburo alipokutana na Omine, mwanamke yule alimkanyaga kidole. Duka la picha hapo Edo, mji mkuu wa Japani ya kale, lilifurika, kila mtu akigombania sura mpya ya Handayu, mwigizaji aliyewatia wazimu wanawake wa mji mzima.

"Samahani, kaka. Nipishe, zitaisha!"

"Hiyo nimeichonga mimi, bibie."

"Uongo wako! Jina lako liko wapi?"

"Linaandikwa la mchoraji. Sisi wachonga mbao za kupigia chapa picha hizi nani atuandike? Tena nguo wanachonga wenzangu, mimi kichwa tu. Hebu tazama nywele za hapa panjani, zilivyo nyembamba."

Omine, kimono yake ya buluu ikinukia mchuzi wa tambi alizouza darajani, aliitazama picha, kisha akamtazama yeye. Wakapendana.

Lakini mapenzi gani haya! Kila picha ya Handayu ikitoka, Omine ananunua. Handayu kanuna ukutani, Handayu kavaa kike, Handayu anatabasamu. Yasaburo anakunywa chai kwa Omine huku mwanamume mwenzake akimkodolea macho! Wivu ukamla mpaka mifupa.

"Unampenda huyu?"

"Nani, mpenzi? Kunywa chai."

Jibu gani hilo? Ulipoletwa ubao mwingine wa Handayu, Yasaburo akamsukumia Gonji, mchonga nguo. "Chonga na kichwa. Mimi sura hii sitaki kuiona." Sijui alidhani anamkomoa nani.

Siku ya mauzo alijibanza nyuma ya nguzo dukani. Omine akaichukua picha, akaisogeza karibu na pua, akairudisha.

Yasaburo akajitokeza. "Vipi, humtaki tena mpenzi wako?"

"Kumbe u mzima! Nilidhani umeumia mkono. Nani kachonga nywele hizi? Ufagio mtupu!"

"Na uso wake je?"

"Uso wa nani? Handayu? Ukumbini sijawahi kuingia, hata sauti yake siijui. Ukuta wangu umejaa kazi yako, mjinga wewe!"

Watu wakaangua kicheko. Yasaburo alitamani ardhi immeze.

"Nilikuwa na wivu, Omine."

"Na mkono wako mwenyewe!"

"Basi nikuoe. Uwe unautazama mkono wenyewe."

Omine akafuta machozi kwa mkono wa kimono. "Nije na picha zangu?"

"Njoo nazo."

"Zote?"

"Ile anayotabasamu mwachie mama yako."