Maji Yalifika Hapa

Jioni ile nilimchukua mwanangu Kiplimo, wa miaka sita, tukaangalie nyumba karibu na Ziwa Naivasha kabla sijaweka sahihi. Mimi si mtu wa kudanganywa na rangi mpya. Gathogo, broka wangu, aliapa kwamba ziwa halijawahi kufika pale, lakini broka ni broka. Nikaamua kuuliza majirani.

Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo alilaza kiganja gotini. "Ile mwaka ya mafuriko, maji ilifika hapa."

Jirani wa pili akalaza chake kiunoni.

"Na ile nyumba ya mwisho, ile nataka kununua?" nikauliza.

"Huko hakuna mtu, boss. Walihama wote."

Lakini mtu alikuwepo.

Mzee alisimama nyuma ya nyumba yenyewe. Alinuka tope... na samaki aliyeoza. Koti lake lilidondosha maji. Tone. Tone. Mvua haikuwa imenyesha wiki mbili.

"Mzee, maji ilifika wapi hapa?"

Akainua mkono polepole. Ukapita kiuno. Ukapita shingo. Akanyoosha mkono wote, akalaza kiganja hewani juu ya kichwa chake.

"Ilinifika hapa."

Ningekimbia. Badala yake, mdomo wangu huu mjinga ukataka mzaha. Nikamsukuma Kiplimo mbele.

"Basi huyu je?"

Kwetu urefu wa mtoto huonyeshwa kwa vidole vilivyosimama, ili akue. Kiganja kilicholazwa ni cha ng'ombe, mahindi na maji. Hata mlevi anajua hivyo.

Mzee akalaza kiganja juu ya utosi wa mwanangu.

Akakandamiza.

"Huyu... inatosha hapa," akanong'ona.

Nilimbeba mtoto nikatoka mbio. Yule mama aliponiona, akaacha nguo zake. Akaniambia kwamba wakati wa mafuriko mwenye nyumba alimfungia mlinzi ndani, alinde vyombo. Hakuna aliyerudi kumfungulia.

Nyumba sikununua. Sasa ni miaka mitatu. Kiplimo ana miaka tisa na bado anavaa sare ya gredi ya kwanza. Mdogo wake, Kimberly, amempita kwa kichwa kizima. Hospitalini wanasema mifupa iko sawa. Mke wangu Cheptoo hulia kila akimwogesha Kiplimo, kwa sababu nywele zake hazitoki harufu ya tope. Sijawahi kumwambia Cheptoo kwamba ni mimi niliyemsukuma mtoto mbele ya yule mzee. Naona aibu, na namwogopa.

Mwezi uliopita nilirudi kule peke yangu. Ziwa limeimeza ile nyumba hadi madirishani. Nilipiga magoti kwenye matope nikaomba msamaha, nikalia kama mtoto. Sauti ikanijibu kutoka ndani, kwa upole kabisa.

"Mlete nimpime tena. Lakini aingie mwenyewe."

Kesho Cheptoo anaenda Molo kumwona mamake. Nimemwambia Kiplimo nitampeleka ziwani nimfunze kuogelea.

Amefurahi sana.