Koti la Kijani la Darina Hudak

Matokeo yalikuwa mazuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Darina Hudak aliifungua bahasha jikoni kwa mama yake akiwa amejiandaa kuona F nne, na F nne ndizo alizostahili. Kuanzia Januari mpaka Mei alikuwa amelala kitandani bwenini, katika chuo kikuu cha serikali chenye wanafunzi elfu arobaini, amegeukia ukuta, hali, haogi, haendi darasani hata siku moja. Mwenzake wa chumba alihama Februari bila kuaga. Hakuna mtu aliyemuulizia. Sasa karatasi ilikuwa inamwambia: A, A, A, A.

"Mungu wangu!" Mama yake, Paulette, aliinyakua karatasi. "Na wewe ulinambia umefeli! Mtoto mwongo wewe!" Akacheka huku machozi yakimtoka.

Darina hakucheka. Alikuwa amelikumbuka koti.

Koti lake la kijani lilining'inia mlangoni mwa chumba kile majira yote ya baridi. Kila alasiri alipofumbua macho alilikuta limelowa, theluji ikiyeyuka mabegani, maji yakichuruzika sakafuni, chumba kizima kinanuka sufu mbichi. Alijiambia ni ugonjwa tu unamchezea akili. Lakini mtu ambaye hajavaa viatu wiki tatu atalowanishaje koti? Hebu niambieni.

Hata hivyo aliyaacha hayo, akageukia friji. Mlangoni mwa friji Paulette alikuwa amebandika picha za vyuo vitatu, vyote vidogo, vya watu elfu moja na kitu. Safari hii chuo kidogo, ndivyo walivyokubaliana. Darasa la watu kumi na wawili kuzunguka meza moja, mwalimu anayekujua kwa jina. Wengine huchagua chuo kwa sifa au kwa uzuri wa majengo. Darina alitaka jambo moja tu: mahali ambapo akikosa kuonekana siku mbili, mtu atakuja kugonga mlango.

"Nikirudi kule, mama, nitafia kitandani," alisema. "Watajua kwa harufu."

Chuo cha kwanza kilijibu kwamba hakina tena nafasi kwa wanaohamia. Cha pili kilikataa masomo yake karibu yote, aanze upya na watoto wa mwaka wa kwanza, na nguvu hiyo hakuwa nayo. Kikabaki Tillingford. Tillingford walikubali kila kitu, wakataka barua moja tu ifike kabla ya mahojiano ya Ijumaa: barua ya profesa aliyemfundisha na anayemfahamu vizuri.

Vyuo vidogo vina ukatili huu na wala havijui. Unavikimbilia kwa sababu ulikotoka hakuna anayekujua, navyo vinakuambia lete mtu anayekujua. Mwaka wa kwanza Darina alikuwa akikaa safu ya thelathini, katika ukumbi wa watu mia nne. Amwandikie nani? Mwishowe, Jumatano, akafumba macho akamwandikia Profesa Strand, mwalimu wa muhula ule ule aliolala, mtu ambaye hakuwahi hata kumwona sura.

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi.

"Darina wangu! Miaka ishirini sijapata mwanafunzi kama wewe. Daima kiti cha mbele, daima na koti lako la kijani, hata chumba kiwe na joto vipi hukulivua. Na lile tabasamu! Barua nimeshaituma Tillingford."

Darina alisoma mara mbili. Hakuwa amemtajia jina la chuo.

Alimkimbilia bibi yake, Verona, aliyekaa ghorofa ya chini na mazoea yake ya Kislovakia ya kupiga ramli ambayo Paulette aliyaonea aibu. Bibi hakuuliza mengi. Alimwaga maji bakulini, akawasha njiti za kiberiti moja moja, akawa anazidondosha majini akihesabu kinyumenyume: si tisa, si nane, si saba. Njiti iliyoungua huelea. Hizi zilizama zote tisa, zikalala chini ya bakuli zimeelekea upande mmoja, na harufu ya sufu mbichi ikapanda kutoka kwenye maji.

"Ni jini," bibi akanong'ona. "Uliacha kiti chako wazi, likakikalia."

"Nifanye nini, bibi?"

"Bado halijawa wewe. Linangoja ulikubali kwa mdomo wako. Watakuuliza, wewe sema mbele ya mtu: yule hakuwa mimi. Litatoka."

"Na chuo kitatoka nalo!"

"Kitoke! Chuo kitu gani?"

"Rahisi kwako kusema. Wewe hukulala mle chumbani, bibi. Hukulala mle!"

Bibi akamshika uso kwa mikono miwili. "Basi lala hapa kwangu. Mimi nitagonga."

Laiti angesikia. Ijumaa ile alikuwa Tillingford, mbele ya mama mmoja mpole wa ofisi ya udahili aitwaye Bi Lindqvist, jua la Juni likipiga dirishani. Bi Lindqvist aliisoma barua ya Strand kwa sauti mpaka mwisho, akaivua miwani.

"Sifa kubwa hizi. Huyu anayesemwa humu ndiye wewe kweli?"

Lilikuwa swali la utani tu, lakini Darina alisikia nyuma yake, pale kwenye ndoano ya mlango ambako hakuwa ametundika kitu kwa sababu koti lake aliliacha nyumbani kabatini, tone la maji likianguka sakafuni, halafu tone jingine, na harufu ile ikamjia shingoni kama mtu ameinama kumsikiliza, na akakiona kile kitanda, na ule ukuta, na siku zote zile ambazo hakuna kiumbe aliyesema jina lake, na akajua kwamba neno la bibi lipo kwenye ulimi wake tayari, limebaki kutemwa tu, na akajua vilevile kwamba hana pengine pa kwenda.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Matone yakakoma. Bi Lindqvist alisimama akamkumbatia.

Novemba, kwenye sikukuu ya Kimarekani ya Shukrani, Paulette alikwenda kumchukua, akarudi na sifa gari zima. Kule kila mtu anamjua Darina! Mpishi anamjua, mkuu wa chuo anamjua! Darina alikaa mezani mbele ya batamzinga na tambi za kabichi, anatabasamu, hajagusa chakula, koti la kijani limefungwa vifungo mpaka kidevuni. Nje theluji ilikuwa haijaanguka bado. Chini ya kiti chake palikuwa na dimbwi.

Paulette alipoingia jikoni kuchukua mkate, Bibi Verona alimwinamia.

"Darina wangu yuko wapi?"

Mkono uliolowa ukaja juu ya mkono wake, ukampapasa taratibu.

"Amelala, bibi. Bwenini kule Tillingford. Amegeukia ukuta."

"Na hakuna anayemgongea mlango?" Bibi alikuwa analia sasa. "Si ni chuo kidogo? Si walisema watagonga?"

Lile tabasamu halikufutika.

"Wagonge kwa nini, bibi? Darasani sijakosa hata siku moja."