Mkwe Hatazamwi Usoni

— Mama, simama hapo hapo. Usikanyage ndani.

Jecinta alisimama. Kwao Bungoma mama haingii nyumba ya mume wa bintiye, wala hamtazami usoni wala hampi mkono. Tangu Jacklyne aolewe na Masinde huku Kware, Nairobi, ziara za mamake, anayeishi mtaa wa jirani, huishia koridoni.

— Mdomo umefanya nini?

— Nimejigonga.

— Jacklyne!

— Aliiweka mezani, Mama. Ile bastola. Kando ya ugali. Akasema, "Pakua ukicheka." Sikucheka vizuri.

— Toka twende nyumbani.

— Niende wapi? Ananipenda. Ni wivu tu.

Masinde aliuza vipuri Kariobangi, na leseni ya bastola alipewa ajilinde na wezi. Hakuna mwizi aliyewahi kuiona. Mkewe aliijua mpaka ubaridi wake shingoni.

Mishi, jirani wa mlango wa pili, muuza viazi karai, alimvuta Jecinta kando.

— Nenda kortini, dadangu. Wamnyang'anye hicho chuma.

— Mwenyewe amekataa kushtaki.

— Kwani ni yeye pekee anayeruhusiwa? Kaulize!

Akaenda kuuliza. Karani wa korti akamjibu polepole:

— Mama, si lazima binti aje. Mzazi anaweza kuomba kwa niaba yake, korti ikiruhusu. Hata jirani. Hata polisi. Hakimu akiridhika, ataamuru silaha ichukuliwe.

— Hata mimi mwenye darasa la sita?

— Hata wewe. Ila mkwe wako naye ataitwa ajibu. Mtasimama chumba kimoja.

Hapo Jecinta akasita: chumba kimoja na mkwe! Lakini alimpigia bintiye kwa furaha.

— Jacky, hata mimi naweza kuomba! Kesho asubuhi naenda na Mishi.

Mama mwenye binti, sikia hapa. Mtoto anayempenda anayempiga hamfichi siri. Jioni hiyo hiyo simu ya Jecinta ililia, ujumbe wa Masinde:

"Mama mkwe, nasikia kesho ni korti. Nitafika mapema nikusalimie kwa mkono."

Asubuhi alikuwepo langoni, suti imenyooshwa, mkono mbele.

— Karibu, Mama. Shika basi. Mbona unaangalia viatu vyangu? Utamwambiaje hakimu usichoweza kuniambia mimi?

Jecinta alijifunika leso uso mzima.

— Mishi, ingia wewe. Karani alisema hata jirani.

— Mimi? — Mishi alinong'ona. — Amenitazama, Jecinta. Tunatumia ukuta mmoja na yeye. Risasi haipigi hodi.

Wakageuka wote wawili. Nyuma yao Masinde alicheka mpaka askari wa lango akacheka naye, bila kujua anachekea nini.

Saa ya chakula cha mchana Jacklyne akapiga simu.

— Mama, amerudi na furaha! Anasema una heshima ya kizamani. Ameleta nyama, ananingoja nipakue.

— Toka hiyo nyumba, mwanangu.

— Jamani, Mama! Amebadilika.

Nyuma ya sauti yake mwanamume akauliza:

— Unamwambia nini tena?

Simu ikakatika. Iliyofuata ilikuwa ya Mishi.

— Jecinta, njoo.

— Amempiga?

— Njoo tu, dadangu.

Ngazi zilijaa watu. Hakuna aliyemzuia. Mlangoni polisi walikuwa wamemfunga Masinde pingu, na bado alikuwa na mdomo.

— Afande, huyo ni mama mkwe. Haruhusiwi kuingia kwangu.

Jecinta aliingia. Mara ya kwanza kuona bintiye aliishije: pazia la maua, picha ya harusi, ugali umepoa mezani. Akaketi sakafuni, akakiweka kichwa cha Jacklyne mapajani.

— Nimeingia, mama, — alimwambia. — Nimeingia.

Kesi ya mauaji ilipoanza, shahidi wa kwanza alikuwa yeye.

— Unamfahamu mshtakiwa?

— Ni mkwe wangu.

— Mtazame, uiambie korti kama ndiye.

Chumba kimoja, mama na mkwe. Jecinta aliinua uso, akamtazama Masinde machoni. Masinde akainamisha kichwa, lakini Jecinta alikuwa ameshaona.

Yalikuwa macho ya kawaida tu, kama ya mtu yeyote.

— Ndiye, — akasema.