Tundu la Kibarazani

Kitu cha kwanza Yareli kukiona kwa Orrin kilikuwa kidole gumba kilichofungwa tepu nyeusi ya umeme badala ya plasta. Walikuwa kwenye foleni ya kahawa, nje ya ghorofa lililokuwa likijengwa Minneapolis, theluji ikiwadondokea kofiani. Yareli aliona haya kumsemesha. Akakata kipande cha tepu yake ya bluu, akamfunga upya.

"Sasa sivuji tena?" Orrin akauliza.

"Damu tu. Maneno bado yanavuja."

Mapenzi yakaanzia hapo. Orrin alikuwa fundi umeme. Yareli aliziba nyufa za kuta za nje, ili joto lisitoroke na wapangaji wa kipato kidogo wasikamuliwe na gharama za kupasha nyumba. Kila jioni Orrin alimpigia simu, akimwita malkia wa tepu, naye akiitika kwa sauti ndogo chini ya blanketi. Wakaomba kupanga pamoja katika jengo hilohilo, wakapewa nyumba ghorofa ya tatu.

Kazini, anayetoboa ukuta uliokwisha kuzibwa humwambia mzibaji papo hapo. Orrin alitoboa ukuta wa nyumba yao ili aje kumshangaza mpenzi wake kwa taa ya kibarazani. Hakusema. Alibandika tepu ya bluu juu ya tundu, bila kufuta vumbi.

Siku ya kupima kama kuta zinavujisha hewa, feni kubwa ilifungwa mlangoni ikavuta hewa kwenda nje. Halvorsen, msimamizi, akapitisha kijiti cha moshi ukutani. Penye tepu ile moshi ukayumba.

"Yareli, hii ndiyo kazi yako? Hata vumbi hukufuta."

Yareli alijua si mkono wake. Akamtazama Orrin. Orrin, aliyekwisha kuonywa kazini kwamba kosa jingine litamfukuzisha, alikuwa akitazama viatu vyake.

Yareli akanyang'anywa tepu, akapewa ufagio. Simu za Orrin hakuzipokea tena, na ile nyumba akaikataa.

Theluji ilipoyeyuka, Orrin akamfuata ngazini, kanyoa ndevu, kavaa shati jeupe.

"Mpenzi, nimemwambia Halvorsen kila kitu. Kesho unarudishiwa tepu yako. Mimi nimepata kazi Duluth. Twende wote."

Moyo wa Yareli ukaruka, kisha ukatulia.

"Kazi umeipata lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na Halvorsen umemwambia lini?"

Orrin akakuna shingo. "Leo asubuhi."

Yareli akamnyoosha kola, taratibu, kama mtu anayemwandaa mwenzake kwa safari. Orrin akadhani amesamehewa, akamshika mkono. Yareli akautoa.

"Siku ile ungesema, Orrin, wakakufukuza mbele yangu, ningetupa tepu na kila kitu nikakufuata, bila hata kuuliza tunakwenda wapi."